Mawe ya Duruma yashuhudia: Bukini ilitoka kwetu

Wazee wetu wa mwambao waliita Bukini kile kisiwa kikubwa ambacho ramani za leo zakiita Madagaska, nao walikijua kwa tanga. Majahazi yalishuka na kaskazi yakarudi na kusi, na katika kwenda na kurudi huko watu wakafanya biashara, wakaoana, wakaachiana maneno na majina. Ujamaa huo wajulikana, wala hauhitaji kuelezwa tena.

Lakini upo ujamaa mwingine baina ya pwani yetu na Bukini, nao ni ujamaa wa mawe. Huo ni mkongwe kuliko tanga la kwanza na kuliko binadamu wa kwanza. Ni mkongwe hata kuliko bahari yenyewe iliyo kati. Wataalamu wa elimu ya miamba wasema kuwa kisiwa hicho kilikuwa kimeshikana na nchi hizi za Kenya, Somalia na kaskazini ya Tanzania, kisha kikang'oka, kikateremka kusini zaidi ya kilomita 1,000 mpaka kilipo sasa.

Msomaji atauliza: nani alikuwapo akaona? Swali ni la haki. Hakuna aliyeona. Kwa hivyo jambo hili yafaa tulitazame kama kadhi atazamavyo daawa: tuwaite mashahidi mmoja mmoja, tuwasikize, tuwapime. Habari kubwa namna hii haikubaliwi kwa sababu tu imesemwa na bwana mwenye shahada, wala haikataliwi kwa sababu tu inashangaza.

Bara lililovunjika

Bara hilo la kale laitwa Gondwana. Ndani yake zilikuwamo Afrika, Amerika ya Kusini, Bara Arabu, Bara Hindi, Australia, Antaktika na Bukini yetu. Jina lenyewe latoka India, katika nchi ya Wagondi, ambako tabaka za mawe ya kale zilichunguzwa katika karne ya 19. Mwaka 1885 Eduard Suess, mtaalamu wa mji wa Vienna, alilitwaa jina hilo akalipa bara zima. Sababu mojawapo ilikuwa mmea uitwao Glossopteris, ambao majani yake yalikuwa na umbo la ulimi. Alama za majani hayo zilikuwa zimeonekana katika mawe ya India na ya Afrika ya Kusini pia, ilhali bahari nzima imelala kati ya nchi hizo.

Suess alidhani kuwa nchi iliyokuwa kati ilizama. Wengi wa zama zake walidhani hivyo: kila palipoonekana mnyama mmoja ng'ambo mbili, watu walichora daraja la nchi kavu juu ya bahari, kisha wakalizamisha. Ndipo alipotokea Mjerumani mmoja, Alfred Wegener, ambaye kazi yake hasa ilikuwa elimu ya hali ya hewa. Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, alisimama mbele ya wataalamu akasema kuwa hapakuwa na daraja lililozama. Mabara yenyewe ndiyo yaliyohama. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Mawe ya mabara ni mepesi kuliko mawe ya sakafu ya bahari, nayo yaelea juu yake. Na sisi watu wa pwani twajua kuwa boya halizami kwa hiari yake.

Mwaka 1915 akatoa kitabu. Alichekwa. Katika mkutano uliofanyika New York mwaka 1926, wakubwa wengi wa elimu hiyo waliikataa kauli yake, na walikuwa na neno la kushika: Wegener hakuweza kueleza ni nguvu gani iwezayo kusukuma bara zima. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 50, alifariki katika barafu ya Greenland kabla kauli yake haijapata kukubaliwa.

Mashahidi waitwa

Shahidi wa kwanza ni umbo. Mtoto yeyote akitazama ramani ataona kuwa bega la Brazili laingia katika kwapa la Afrika ya Magharibi. Mwaka 1965 Edward Bullard na wenzake wa Cambridge walitumia kompyuta kulipima jambo hilo. Hawakuunganisha fukwe, kwa maana fukwe hubadilika maji yakipanda na kushuka. Waliunganisha kingo halisi za mabara, zilizo chini ya maji kiasi cha mita 900. Zikashikana vizuri sana.

Hata hivyo, umbo peke yake ni shahidi dhaifu. Sisi tuliosomeshwa chuoni twakijua kipimo cha wanazuoni wa hadithi. Habari ya mtu mmoja huchunguzwa: aliipokea kwa nani, je alikuwa mkweli, je kumbukumbu yake ilikuwa madhubuti? Lakini habari ikiletwa na watu wengi wa miji mbalimbali, wasioweza kukutana wakapatana juu ya uongo, hiyo huitwa mutawatiri, nayo hupewa nguvu ya yakini. Mimi naona kipimo hicho chafaa hapa. Tusitafute shahidi mmoja mwenye sauti kubwa. Tutafute wengi wasiojuana, tuone kama kauli yao ni moja.

Shahidi wa pili ni viumbe waliogeuka mawe, ambao siku hizi huitwa visukuku. Yuko Mesosaurus, mtambaazi mdogo aliyeishi katika maji ya kina kifupi. Mifupa yake yapatikana kusini ya Afrika na katika upande wa Brazili, wala hapana aaminiye kuwa kiumbe kama huyo aliogelea Atlantiki nzima. Yuko Lystrosaurus, mnyama mnene wa kiasi cha nguruwe, aliyeonekana Afrika ya Kusini na India. Mwaka 1969 Edwin Colbert na wenzake wakampata na Antaktika, katika nchi ya barafu ambako leo hakuna mtambaazi awezaye kuishi.

Na yale majani ya umbo la ulimi? Hayo yana kisa cha huzuni. Mwaka 1912 Robert Scott na wenzake wanne walifia njiani wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Miili mitatu ilipopatikana hemani mwezi wa Novemba, palikuwa na kiasi cha kilo 16 za mawe waliyoyakokota mpaka mwisho, wakiwa na njaa na baridi, wasiyatupe. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na Glossopteris. Waingereza wale hawakujua kuwa walikuwa wamebeba ushahidi wa kauli ambayo Wegener aliitoa Frankfurt mwaka huohuo.

Shahidi wa tatu ni barafu. Karibu na Kimberley, Afrika ya Kusini, katika nchi ya jua kali, kuna majabali yaliyokwaruzwa mistari mirefu iliyonyooka. Mistari hiyo ni kazi ya barafu nene iliyoburura mawe juu ya jabali, yapata miaka milioni 300 iliyopita. Alama za namna hiyo ziko India, Australia na Amerika ya Kusini. Ukifuata mistari ya Amerika ya Kusini kujua barafu ilitoka wapi, yakuelekeza mashariki, baharini! Lakini barafu ya nchi kavu haitoki baharini. Ukilirudisha bara lile ubavuni pa Afrika, mistari yote yaonyesha kuwa ilitoka nchi kavu iliyo jirani, na tatizo laondoka.

Shahidi wa nne ni sumaku. Mawe ya moto yatokayo ardhini yakipoa, chembe za chuma zilizomo hujipanga kama sindano ya dira, zikabaki hivyo milele. Na sindano hiyo haielekei kaskazini tu. Huinama pia, na kadiri inavyoinama yaonyesha jiwe lilikuwa mbali kiasi gani na ikweta siku lilipopoa. Mawe ya bara moja na bara jingine yakipimwa, huonyesha kuwa mabara hayo hayakuwa mahali yalipo leo.

Jua, msomaji, kuwa majani hayakushauriana na sumaku, wala barafu haikushauriana na mifupa.

Daawa ya Bukini

Sasa tuje kwetu. Kuwa Bukini ilikuwa sehemu ya Gondwana ni jambo ambalo wengi walilikubali. Ugomvi ulikuwa juu ya mahali pake. Alexander du Toit, mwana wa Afrika ya Kusini aliyesafiri Amerika ya Kusini mwaka 1923 ili kulinganisha mawe ya huko na ya kwao, aliandika mwaka 1937 kuwa kisiwa kilikuwa ubavuni pa Kenya na Tanzania. Wengine walisema la, kilikuwa Msumbiji, ambako ndiko kilikoelekeana nako leo. Na kundi la tatu likasema hakikuwahi kutoka: pale kilipo ndipo kilipokuwa tangu zamani. Daawa moja, wadai watatu.

Ushahidi wa upande wetu umelala kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni matumbawe, kitu cha juzi kwa hesabu ya miamba. Ukivuka kwenda Changamwe na kupanda, waingia katika udongo uliogeuka jiwe laini lenye kubanduka tabaka kwa tabaka. Humo zimeokotwa amonaiti, jamaa za kale za pweza na ngisi, zenye magamba yaliyojikunja kama pembe ya kondoo dume, nazo zafanana na zile za Kachchh huko India. Nyuma yake, upande wa Kambe, kuna mawe ya chokaa yaliyofanyika baharini kiasi cha miaka milioni 170 iliyopita.

Ukisonga mbele, bahari yakwisha. Kutoka Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi mpaka Taru wakanyaga mawe ya mchanga na udongo yaliyoletwa na mito na maziwa. Stesheni hizo za reli ya zamani ndizo zilizotoa majina ya tabaka zenyewe, na jumla yake zaitwa mawe ya mchanga ya Duruma. Tabaka zimelala zikiinamia baharini. Kwa hiyo kila uendapo bara warudi nyuma katika wakati. Mazeras kuna magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Maji ya Chumvi kuna samaki walioganda katika jiwe tangu miaka milioni 250 iliyopita. Taru ndiko kwenye tabaka kongwe, za karibu miaka milioni 300.

Sasa vuka kwa fikira mpaka magharibi ya Bukini. Huko nako kuna mpango huohuo: chini tabaka zenye Glossopteris, juu yake tabaka zenye samaki wanaofanana na wale wa Maji ya Chumvi, kisha mawe ya mchanga ya Isalo, kisha mawe ya bahari. Ni kurasa za kitabu kimoja kilichopasuliwa katikati, nusu ikabaki kwa Wamijikenda, nusu ikenda kwa Wamalagasi.

Tena ukipita Taru kuelekea Voi na milima ya Taita, mawe ya mchanga yakoma, yaanza mawe magumu yenye kumetameta. Hayo ni mizizi ya milima mikubwa iliyosimama Gondwana ilipokuwa ikiungana, yapata miaka milioni 600 iliyopita. Ndani yake mna kito cha kijani kiitwacho tsavoraiti, kilichopewa jina la Tsavo yetu. Kito hicho chachimbwa Taita na Tanzania. Nacho chapatikana Bukini pia.

Sakafu ya bahari yatoa hukumu

Pamoja na hayo yote, mtu mkaidi angeweza kusema: kufanana si kushikana. Ilibidi ashuhudie aliye kati, yaani bahari.

Katika mwaka 1962 Mmarekani Harry Hess alieleza kuwa sakafu ya bahari huzaliwa upya katikati ya bahari, ambako mawe ya moto hupanda, hupoa, kisha husukumwa huku na huku. Mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha jinsi ya kulihakikisha jambo hilo. Sumaku ya dunia hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini. Kwa hiyo sakafu ya bahari ina milia ya sumaku, mmoja hivi na mmoja vile, mithili ya kikoi. Mwenye kujua tarehe za kugeuka huko aweza kuisoma milia hiyo na kujua bahari ilifunguka lini na kuelekea wapi. Ikawa nguvu aliyoulizwa Wegener imeanza kufahamika: bara halijisukumi lenyewe, huchukuliwa pamoja na sakafu iliyo chini yake.

Vipimo vya sumaku ya mawe ya Bukini vilivyofanywa miaka ya 1970 vilielekea upande wa du Toit. Kisha mwaka 1983 Philip Rabinowitz, Millard Coffin na David Falvey walitangaza kuwa wameisoma milia iliyo chini ya bahari, baina ya Somalia na Kenya upande huu na Bukini upande ule. Milia ilikwenda mashariki na magharibi. Maana yake ni kuwa bahari hiyo ilifunguka kwa kisiwa kuondoka kaskazini kwenda kusini. Na chini ya maji mbele ya Tanzania na Msumbiji kuna tuta refu, liitwalo tuta la Davie, ambalo kisiwa kiliteleza kando yake kama mlango wa kusukuma katika mfereji wake. Safari ilianza kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, ikasimama kiasi cha milioni 120.

Tukipiga hesabu, kilomita 1,000 na ushei kwa miaka milioni 40 na ushei ni karibu sentimita mbili na nusu kwa mwaka, upana wa kidole gumba. Hakuna kiumbe aliyekuwa akiishi wakati ule ambaye angetambua kuwa nchi yamwondokea. Na yale mawe ya Kambe na Changamwe, yenye viumbe vya bahari juu ya mawe ya mito, ndiyo alama ya maji ya kwanza kuingia katika ufa. Walioshuhudia juu ya nchi kavu na aliyeshuhudia chini ya bahari walisema neno moja.

Tahadhari moja. Mwaka 1864 Mwingereza Philip Sclater, akiwatazama wale wanyama waitwao lemuri wa Bukini, alibuni bara lililozama akaliita Lemuria, na mpaka leo wako wanaolipamba kwa hadithi za miji na watu. Bara hilo halikuwapo. Mababu wa lemuri walifika Bukini muda mrefu baada ya kisiwa kutengana, na inaaminika walichukuliwa na magogo na matakataka ya mito. Vivyo hivyo watu wa Bukini: wao walitoka Indonesia na Afrika kwa vyombo, jana tu kwa hesabu hii. Shahidi huulizwa alilolishuhudia. Akiulizwa asilolijua, ataongopewa jina lake.

Shahidi auzwaye

Neno langu la mwisho ni hili. Mawe ya Mazeras yajulikana Kenya nzima. Hukatwa, hupakiwa malori, huuzwa kwa kupimwa, yakatandikwa barazani na katika njia za bustani. Sina ugomvi na mchongaji. Jiwe ni riziki yake, na wanawe wala kwa jasho lake. Linalonisikitisha ni kuwa ukurasa wauzwa haujasomwa. Jani, gogo au samaki aliyeonekana mgodini asubuhi, jioni amekwisha vunjwa, na hakuna aliyemweleza mchongaji kuwa alichokishika ni hati ya nchi.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 yamtaka mtu akigundua kitu kama hicho atoe habari. Lakini sheria isiyotangazwa mgodini ni sawa na adhana isiyo na sauti. Walimu wa Mariakani na Kaloleni wangeweza kuwatoa watoto darasani kwa saa moja, wakawaonyesha korongo lililo karibu na shule, wakawaambia: hapa palikuwa na mto, na ng'ambo ya mto palikuwa na Bukini. Somo hilo halihitaji vifaa. Wachongaji nao wangeambiwa kuwa makumbusho ya Fort Jesus yako karibu, na kuwa jiwe moja lililowekwa kando halimpunguzii mtu riziki.

Tena kazi ile haijakoma. Bonde la Ufa lapanuka milimita chache kila mwaka, na upande huu wa mashariki wajitenga na Afrika polepole kama Bukini ilivyojitenga nasi. Watakaokuja baada ya mamilioni ya miaka watatafuta ushahidi wa ilivyokuwa. Sisi tumeachiwa wetu umelala njiani, nami naliambia jiwe hivi:

Jiwe uliye njiani, kimya chako chatamka,
Wakumbuka ya zamani, bara lilipokatika,
Na Bukini ubavuni, ikaaga ikatoka,
Sema nasi tubaini, shahidi usiyechoka.